Istilahi za Mbinu za Usomaji: Uhakiki wa Hojaji Moja Mbele ya Msomaji wa Mabatini

Miongoni mwa maneno ya Kiswahili yanayobebeshwa mizigo kupita kiasi ni neno kusoma. Mtu husoma gazeti, husoma chuo kikuu, husoma Kurani na husoma mita ya umeme. Tukisema fulani anasoma Nyegezi, hatuna maana kwamba wakati huu ameshika kitabu. Na tukisema fulani amesoma, twasifu elimu yake yote. Neno hilo limetutumikia vema nyumbani na sokoni, lakini katika taaluma linatuponza, kwa kuwa linaificha kazi inayofanywa na akili ya mtu aliyeketi mbele ya ukurasa mgumu. Mwanafunzi akiulizwa, "Unasomaje?" aghalabu hujibu kwamba anasoma usiku, anasoma saa nne mfululizo, au anasoma pamoja na wenzake. Ametaja wakati, kiasi na kikundi. Namna yenyewe hakuigusa, wala swali halikumsaidia kuigusa.

Makala haya yanakusudia kuhakiki istilahi zinazohusu namna hiyo, yaani njia ambazo msomaji huzitumia kwa kusudi ili aelewe anachokisoma, na jinsi anavyozitambua njia zake mwenyewe. Tutafanya hivyo kwa kuichunguza hojaji moja maarufu na kuipeleka mahali mahususi, Mabatini jijini Mwanza. Hoja yetu ni moja: msomaji hawezi kuulizwa sawasawa juu ya kazi isiyo na jina katika lugha anayofikiria, na akiulizwa hivyo, jibu lake litapimwa vibaya na yeye atahukumiwa vibaya.

Hojaji yenyewe

Mwaka 2002 Kouider Mokhtari na Ravi Sheorey walitoa hojaji ya kupima utambuzi wa mbinu za usomaji kwa wanafunzi wanaosoma vitabu vya Kiingereza ilhali Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Ilitokana na hojaji nyingine ya mwaka huohuo, iliyotungwa na Mokhtari pamoja na Carla Reichard kwa ajili ya wanafunzi ambao Kiingereza ni lugha yao. Mizizi ya zote mbili imo katika kazi ya John Flavell, mwanasaikolojia wa Marekani, ambaye katika miaka ya 1970 aliwahimiza wenzake wachunguze jinsi mtu anavyoifahamu na kuisimamia fikra yake mwenyewe.

Hojaji hiyo ina kauli 30. Kauli 13 zinahusu kuuona utungo kwa ujumla wake: kuwa na lengo kabla ya kuanza, kuupitia upesi ili kujua umepangwaje, kuchagua cha kusoma kwa makini na cha kuacha. Kauli 8 zinahusu kutatua matatizo: kupunguza mwendo mahali pagumu, kurudia, kukisia maana ya neno lisilojulikana. Kauli 9 zinahusu misaada: kuandika dondoo wakati wa kusoma, kupiga mistari, kutazama kamusi, kusoma kwa sauti, kufasiri. Mjibuji hujipa alama 1 ikiwa hafanyi jambo hilo kabisa au karibu kabisa, hadi alama 5 ikiwa hulifanya daima au karibu daima. Wastani wa 3.5 na zaidi huitwa wa juu, kuanzia 2.5 hadi 3.4 huitwa wa kati, 2.4 na chini yake huitwa wa chini.

Hatukusudii kuibeza kazi hii. Sifa yake kubwa ni kwamba inauliza namna ya kusoma badala ya wingi wa kusoma. Katika nchi yetu, ambamo mwanafunzi aliyeshindwa huambiwa mara moja kwamba hakufanya bidii, swali la namna hiyo lina manufaa makubwa. Lakini chombo chema kwa maji ya mahali pamoja si lazima kiwe chema kwa maji ya mahali pengine.

Lugha ya pili ni ya ngapi?

Tuipeleke basi hojaji hiyo Mabatini. Kata hii imo katika wilaya ya Nyamagana. Jijini humo, kwenye kilima cha Bugando, kuna Chuo Kikuu Katoliki cha Afya na Sayansi Shirikishi. Upande wa kusini, Nyegezi, kuna Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kilichoanza mwaka 1998. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania nacho kina kituo chake mkoani, na kwa mwanafunzi wa chuo hicho usomaji ndio darasa lenyewe, maana sehemu kubwa ya mafundisho humfikia kwa maandishi.

Tumfikirie mwanafunzi aliyelelewa Mabatini. Nyumbani kwao huenda wanazungumza Kisukuma, au Kikerewe, Kijita, Kihaya, Kikurya ama Kijaluo. Akitoka mlangoni anakutana na Kiswahili, na kwa Kiswahili alisomeshwa miaka saba ya shule ya msingi. Kiingereza kilimjia kwanza kama somo, kisha katika sekondari kikawa lugha ya kufundishia masomo karibu yote, na chuo kikuu kikaendelea hivyo. Kwa mwanafunzi huyu Kiingereza ni lugha ya tatu. Istilahi "lugha ya pili", inayotumika kama kwamba binadamu wote huanza na lugha moja kisha wakaongeza nyingine moja, haimtoshi.

Kuna watakaosema kwamba hilo ni suala la kuhesabu tu, na kwamba "ya pili" maana yake ni "isiyo ya kwanza". Hesabu ingekuwa jambo dogo kama isingeingia katika alama. Katika kauli 9 za misaada, watungaji waliongeza mbili kwa ajili ya wasomaji wa lugha ya pili. Ya kwanza inauliza kama msomaji hufasiri kutoka Kiingereza kwenda lugha yake mama. Ya pili inauliza kama hufikiria habari anazosoma kwa Kiingereza na kwa lugha mama pamoja. Mwanafunzi wetu mwenye Kisukuma cha nyumbani, akiwa mkweli, atajibu hapana kwa zote mbili. Hafasiri sura ya uchumi au ya elimu ya damu kwenda Kisukuma. Hufasiri kwenda Kiswahili, pengine katika kila ukurasa. Kauli haikuuliza Kiswahili.

Tuone matokeo yake. Tuseme katika kauli saba zilizobaki za misaada amejipa alama 4 kila moja, yaani alama 28. Kama kauli mbili za kufasiri zingemwelewa, angejipa alama 5 katika kila moja. Jumla ingekuwa 38, na wastani wake 4.2, kiwango cha juu. Kwa kuwa kauli hazikumwelewa, amejipa alama 1 katika kila moja. Jumla imekuwa 30, na wastani 3.3, kiwango cha kati. Mtu ni yuleyule, na usomaji wake ni uleule. Kilichomshusha daraja ni istilahi iliyochaguliwa bila kumfikiria, na mtafiti ataandika kwa unyofu kabisa kwamba wanafunzi wa Mwanza hawazitumii vya kutosha mbinu za misaada.

Yafaa tukumbuke hapa kwamba kufasiri si udhaifu wa kuonewa haya katika nchi za Ziwa. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake kubwa kwa Kikerewe mwaka 1945. Haikupata mchapishaji kwa miaka mingi, naye akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili. Ikatolewa mwaka 1980, na mwaka uliofuata akafariki. Anayeusoma utungo wa lugha moja huku akiujenga upya katika lugha nyingine anafanya kazi nzito ya akili. Chombo cha kupima usomaji katika mazingira yetu hakina budi kuiona kazi hiyo.

Ufahamu, utambuzi, mwamko

Kikwazo cha pili kimo katika jina la kitu kinachopimwa. Tukisema "ufahamu wa mbinu za usomaji", tunagongana na shule. Kwa muda mrefu "Ufahamu" limekuwa jina la zoezi: habari fupi, maswali chini yake, na mara nyingi zoezi la ufupisho baada yake. Mwanafunzi akisikia ufahamu hukumbuka mtihani. Zaidi ya hayo tungelazimika kusema kwamba ufahamu wa mbinu huleta ufahamu wa habari, na hapo neno moja lingekuwa sababu na tokeo kwa pamoja.

"Mwamko" nalo lina historia yake. Limezoea majukwaa: mwamko wa wananchi, mwamko wa elimu. Linamsawiri mtu aliyekuwa amelala akaamshwa na mwingine, ilhali tunachokitafuta ni msomaji anayejiangalia mwenyewe huku macho yake yakiendelea kutembea juu ya mistari.

"Utambuzi" linafaa zaidi kwa maana ya kujua kwamba mbinu ipo na kwamba ninaitumia. Tatizo ni kwamba wanasaikolojia wetu wamekwisha kulitwaa kwa shughuli zote za akili, na wengine wakaunda "utambuzi wa utambuzi" kwa dhana ile ya Flavell. Istilahi hiyo ni sahihi kimantiki, lakini haitamki kitendo. Msomaji akiisikia hajui afanye nini.

Kiswahili kina kiungo kidogo kinachoweza kuifanya kazi hiyo bila makelele, nacho ni kiambishi -ji-. Tunajipima, tunajiuliza, tunajirekebisha, tunajisimamia. Kwa kiambishi hicho kimoja mtendaji na mtendwa huwa mtu mmoja, na hiyo ndiyo dhana yenyewe. Tunaonelea kwamba "kujisimamia katika usomaji", na kwa nomino "ujisimamizi", itamfikia mwanafunzi upesi kuliko "utambuzi wa utambuzi". Inanyambulika kwa urahisi, inaeleweka bila fasili ndefu, na inaacha neno utambuzi libaki kwa ajili ya kujua.

Mkakati, mbinu, stadi

Maneno haya matatu hutumiwa kana kwamba ni pacha. Katika maandishi ya taaluma hii huonekana "mikakati ya usomaji", "mbinu za usomaji" na "stadi za usomaji" katika aya moja kwa maana moja. Lakini wataalamu wa usomaji wameweka mpaka ulio wazi: kuna jambo msomaji analofanya kwa kukusudia na kuchagua, na kuna jambo analofanya bila kulifikiria kwa kuwa limekwisha kuzoeleka.

Hatuoni haja ya kuunda maneno mapya. Tuyagawie kazi yaliyopo. Mbinu ni hatua moja ya makusudi: kurudi nyuma aya moja, kuandika swali pembeni, kupunguza mwendo. Mkakati ni mpango unaochagua mbinu hizo kwa lengo fulani: huyu anasoma ili apate tarehe moja, yule anasoma ili aweze kuitetea hoja kesho asubuhi, na mbinu zao hazitafanana. Stadi ni mbinu iliyokomaa, ikaingia mkononi. Mvuvi chipukizi hufikiria kila tendo anapotupa wavu. Mvuvi mzoefu hutupa huku akizungumza na mwenzake. Lakini upepo ukigeuka, mzoefu naye hunyamaza na kufikiria upya. Ndivyo ilivyo kwa msomaji bora: stadi humpeleka mpaka mahali pagumu, na hapo hurudi kwenye mbinu.

Kwa mgawanyo huu, kauli 30 za hojaji ni orodha ya mbinu. Mkakati haumo, kwa sababu kauli haziulizi ni lini na kwa nini msomaji anaiteua hii na kuiacha ile. Mtu anayejipa alama 5 katika kila kauli, akatumia kila mbinu wakati wote, hana mkakati hata mmoja.

Kubahatisha na kukisia

Iko pia hatari ya kufasiri kauli zenyewe kwa pupa. Tuchukue ile inayohusu maana ya neno lisilojulikana. Mfasiri akiandika "hubahatisha maana", amemweka msomaji katika kamari. Kubahatisha ndiko anakokatazwa mwanafunzi katika mtihani wa kuchagua jibu. Kwa hiyo atakana, hata kama ni hodari wa kazi hiyo. Neno linalofaa ni kukisia, maana akisiaye anatazama dalili zilizopo: sentensi inasema nini kabla na baada, neno limeundwa vipi, habari inaelekea wapi.

Vivyo hivyo kauli ya kusoma kwa sauti. Kwa wengi hilo ni jambo la darasa la kwanza, na mwanafunzi wa chuo kikuu hatapenda kulikiri. Yafaa kauli itaje mazingira yake: "Sentensi ikinishinda, huitamka ili niisikie ilivyopangwa." Ama kuhusu kupitia utungo upesi, vijana wana neno kuperuzi. Neno hilo limetoka katika Kiingereza, ambako maana yake ya asili ni kusoma kwa makini. Lilipofika kwetu likawa kupitapita. Hatuna ugomvi nalo, kwa kuwa watu ndio wenye lugha, ila katika hojaji twapendelea "kupitia juujuu" kwa mtu anayetaka picha ya jumla, na "kupekua" kwa anayetafuta kitu kimoja anachokijua.

Msamiati wa wanafunzi wenyewe

Ili tusionekane kwamba tunawatungia watu maneno tukiwa ofisini, tuyasikilize yale wanayoyatumia. Wanafunzi wetu wana msamiati tele wa kusoma. Wanabukua, wanapiga msuli, wanakesha, wanameza, wanakariri, wanagawana madesa. Ni maneno yenye uhai, na hatuoni sababu ya kuyadharau. Lakini tuyapange tuone yanataja nini. Kubukua, kupiga msuli na kukesha yanataja juhudi. Kumeza na kukariri yanataja kuhifadhi. Madesa ni maandishi ya mwenzako yaliyokwisha kutafunwa. Hakuna hata moja katika haya linalotaja tendo la kusimama katikati ya ukurasa na kujiuliza, "Je, nimeelewa?"

Hatusemi kwamba wanafunzi hawalitendi tendo hilo. Wanalitenda kila siku, ila hulitenda kimyakimya, kila mmoja peke yake, bila jina la kulipitisha kutoka kwa aliyekwisha kuligundua hadi kwa anayelihitaji. Mbinu isiyo na jina haifundishiki. Vyuo vyetu hufundisha somo la stadi za mawasiliano kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na humo mbinu hizi hutajwa, lakini hutajwa kwa Kiingereza. Majina yanabaki darasani. Chumbani Mabatini, usiku, lugha inayobaki ni ile ya kupiga msuli.

Kinachopotea

Jambo hili si la wapenda maneno peke yao. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd walitoa taarifa juu ya Kiingereza katika elimu ya Tanzania. Waliona kwamba chini ya asilimia 20 ya wanafunzi wa chuo kikuu waliowapima walikuwa na kiwango cha kuwawezesha kusoma kwa wepesi hata vile vitabu vilivyo rahisi kati ya vinavyotakiwa katika masomo yao. Miaka miwili kabla ya hapo, Tume ya Makweta ilikuwa imependekeza Kiswahili kianze kutumika kufundishia sekondari mwaka 1985, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ikatamka kwamba Kiswahili kitumike kufundishia katika ngazi zote, huku Kiingereza kikiendelea. Hata hivyo vitabu vilivyo mbele ya mwanafunzi wa chuo kikuu bado ni vya Kiingereza kwa sehemu kubwa.

Katika hali hiyo kuna wanafunzi wa namna mbili ambao kwa nje wanafanana. Mmoja haelewi na anajua kwamba haelewi. Huyo atarudi nyuma, atauliza, atatafuta. Mwingine haelewi, lakini kwa kuwa macho yamefika mwisho wa sura, anadhani amesoma. Wa pili ndiye anayeangamia, tena akiwa na bidii. Kumwambia aongeze saa za kukesha ni kumwongezea kuni mtu ambaye chungu chake kinavuja.

Wengine husema tungoje mpaka Kiswahili kishike vyuo vikuu, na tatizo litakwisha lenyewe. Sisi hatukubaliani nao. Kitabu kigumu cha Kiswahili nacho kitahitaji msomaji anayejisimamia. Wengine wanauliza faida ya istilahi za Kiswahili kwa mtu anayesoma Kiingereza. Jibu letu ni kwamba kitabu kinaweza kuwa cha Kiingereza, lakini sauti inayouliza ndani ya kichwa, "Hapa anasema nini?" huuliza kwa lugha ambayo msomaji ameizoea. Sauti hiyo ndiyo tunayotaka kuipa maneno.

Mkoa wa Mwanza una haki ya pekee ya kulisikia jambo hili. Kati ya mwaka 1968 na 1972 mikoa ya Ziwa ilikuwa uwanja wa mradi wa majaribio wa kisomo cha watu wazima ulioungwa mkono na UNESCO, na makao yake yalikuwa Mwanza. Vitabu vyake vilifungamanishwa na kazi za watu: pamba, uvuvi, ng'ombe, migomba. Mkulima hakuambiwa asome tu. Alionyeshwa asome nini na kwa faida gani, na lugha ikampa neno, kisomo chenye manufaa. Kama tuliweza kumpa mkulima jina la lengo lake, haielekei tushindwe kumpa mwanafunzi wa chuo kikuu majina ya njia zake.

Mapendekezo

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo, nasi tunayaweka mbele ya wasomaji wetu wayapime kabla hayajasanifishwa.

Kwanza, "usomaji" litumike kwa kazi ya kupata maana katika maandishi, na "masomo" kwa elimu ya mtu. Kitenzi kusoma kibaki huru, ila katika hojaji kisiachwe peke yake bila kitu kinachosomwa.

Pili, mbinu, mkakati na stadi zigawanywe kama tulivyoeleza.

Tatu, "utambuzi wa mbinu" iwe kuzijua, na "ujisimamizi wa usomaji" iwe kuzitawala.

Nne, mahali pa "lugha ya pili" tuseme "lugha ya masomo", na kila mahali hojaji inapotaja lugha mama, mjibuji aulizwe kwa jina: Kisukuma? Kiswahili? Zote?

Tano, hojaji ya namna hii isifasiriwe na mtu mmoja na kupelekwa moja kwa moja kukusanya alama. Isomwe kwanza na wanafunzi wachache, waeleze kwa maneno yao wanaelewa nini katika kila kauli. Na pale watakapotoa neno bora kuliko letu, letu liondoke.

Pendekezo hili la mwisho ndilo tunalolithamini zaidi. Istilahi haithibitishwi na kikao, bali na mtu inayemfaa. Siku mwanafunzi wa Mabatini atakapomwambia mwenzake, "Usikariri hiyo sura, ipitie juujuu kwanza, halafu ujisimamie kila aya," tutajua kwamba maneno yamepata wenyewe.